Orodha Itangulie Ramani: Kukagua Mimea na Wanyama wa Kiwanja Kabla ya Kujenga

(Mhadhara kwa wamiliki wapya wa viwanja, pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa kaskazini)

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zangu, majirani wapya na wa zamani, asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Najua wengi wenu mmeshalipia viwanja, bikoni za mipaka zimeshasimama, na kilichobaki ni kumpigia simu mtu wa katapila aje asafishe. Ombi langu ni moja. Kabla hajaja, na kabla fundi hajachora ramani ya nyumba, zungukeni viwanja vyenu muandike kila mti, kila kichaka na kila kiumbe mtakayemkuta. Nasisitiza hilo la kabla ya ramani. Orodha ikija baada ya ramani, inabaki kuhesabu hasara tu, kwa sababu sebule imeshapangiwa mahali, shimo la choo limeshapangiwa mahali, na hakuna anayekubali kurudi nyuma kwa ajili ya mti.

Nchi yetu imeshalipia somo hili. Mnamkumbuka chura wa Kihansi. Kwenye maporomoko ya Mto Kihansi, katika Milima ya Udzungwa, watafiti walimkuta mwaka 1996, wakati mradi wa umeme umeshaamuliwa. Ni chura wa manjano asiyefika sentimita tatu, hatagi mayai kama wenzake bali huzaa watoto, na makazi yake yote duniani yalikuwa eneo la hekta chache linaloloweshwa na manyunyu ya maporomoko yale. Mitambo ilipoanza kazi mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji yaligeuzwa njia, na manyunyu yakakatika. Ikabidi yatandazwe mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura karibu 500 wapelekwe Marekani kulelewa. Mwaka 2003 waliobaki bondeni walipukutika, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ulikuwa umeingia. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Kuanzia 2012 ndipo wakaanza kurudishwa, baada ya kulelewa pia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukaguzi ulifanyika, tena na watu hodari. Lakini ulimkuta chura wakati uamuzi umeshapita, na kila kilichofuata kikawa ni kuzima moto kwa pesa nyingi.

Mtu atasema, mwalimu, ule ni mto na bwawa, mimi nina kiwanja cha mita 20 kwa 20. Ni kweli. Ila tazameni tulipo. Upande mmoja tuna msitu wa Pande, upande wa pili bahari. Pande ni pori la akiba tangu 1990, na ni kipande cha misitu ya pwani, ule ukanda uliokatikakatika kuanzia kusini mwa Somalia, Kenya, kwetu hapa, hadi Msumbiji. Ndani ya Pande anaishi komba wa Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60, mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa, na dunia nzima anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania: Rondo kule Lindi, Pugu na Kazimzumbwi, Zaraninge, Pande na mingine kadhaa. Sisemi mtamkuta kwenye mkorosho wenu, maana yeye hapendi kutoka msituni. Lakini wako wengine wengi wanaotoka na kuingia: komba wakubwa, nguchiro, fungo, ndege wala matunda wanaobeba mbegu. Viwanja vyenu ndivyo njia yao. Kikifyekwa kimoja, wanapita pembeni. Vikifyekwa 200 kwa mwaka mmoja, hawana pa kupita.

Sasa kazi yenyewe. Haihitaji mtaalamu. Inahitaji daftari la shule, penseli kwa sababu wino unachuruzika kwa umande, futi ya mita 50 au kamba yenye mafundo, na simu yenye kamera. Chora kiwanja kwenye ukurasa mmoja, weka bikoni nne, kisha kigawe miraba ya mita 5 kwa 5. Kiwanja cha 20 kwa 20 kinatoa miraba 16. Ingia mraba mmoja mmoja usiruke, kwa sababu jicho linakimbilia miti mikubwa na kuacha kila kilicho chini ya goti. Mti uzungushie kamba shinani, mita 1.3 kutoka ardhini, uandike mzunguko wake. Andika na mraba uliomo, kwa maana hilo ndilo atakalolihitaji mchora ramani.

Majina usiyoyajua, waulize wenyeji. Hapa palikuwa mashamba ya korosho na minazi ya Wazaramo kabla ya upimaji, na wazee wale bado wapo, baadhi yao wamekaa mbele yangu hapa. Muulizeni bibi anayekuja kuchuma mchunga na mlenda kwenye kiwanja mnachosema hakina kitu. Muulizeni mzee anayechimba mizizi ya mjafari. Programu ya iNaturalist ipo, unapiga picha nayo inakisia jina, inasaidia sana. Ila bibi anajua pia mmea unatoka mwezi gani, na mwaka jana ulikuwa mwingi au haba. Anayeuliza vizuri atapata historia ya kiwanja kizima kwa nusu saa.

Msimu nao una maana yake. Wengi husafisha kiangazi, ardhi ikiwa kavu na katapila halizami. Wakati huo nusu ya mimea imo chini ya udongo, imelala kwenye vitunguu na viazi vyake. Lipo ua jekundu la mviringo linalochomoza peke yake mvua zikianza, mara nyingi kabla ya majani. Agosti huwezi kujua kwamba lipo. Mbayuwayu na keremkerem wanaohama kutoka Ulaya na Asia wanakuwa nasi kuanzia karibu Oktoba hadi Aprili. Kwa hiyo anayekagua Julai peke yake ameona kipande. Kama una uwezo wa kusubiri, kagua mara moja kiangazi, mara moja katikati ya masika. Kama pesa ya ujenzi inakusukuma na huwezi kusubiri, basi kagua wakati wa mvua.

Na hapa naomba mnisikilize hata ninyi msiojali ndege, kwa sababu masika ndiyo itakayowaambia pa kuweka msingi. Nendeni kiwanjani siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, mtafute povu. Wapo vyura wa mitini wanaotaga juu ya maji: majike huupiga ute wanaoutoa mwilini kwa miguu ya nyuma hadi utoe povu jeupe, wanataga ndani yake, na tone lile linaning'inia kwenye tawi lililoinamia dimbwi. Kwa nje linakauka na kuwa gumu, ndani linabaki na unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi wanadondoka majini. Sasa fikirini. Mama chura hatagi juu ya dimbwi la saa mbili, maana wanawe watakufa. Ukiona povu juu ya bonde dogo kiwanjani kwako, umeonyeshwa mahali ambapo maji hukaa wiki kadhaa. Hapo ukijenga chumba, utakuwa unafagia maji kila Aprili. Mkindu na matete vinasema hivyo hivyo: maji yako karibu. Shimo la choo hapo litajaa kutoka chini.

Kichuguu nacho kiandike, hai au kilichohamwa. Kikiwa hai na kimeangukia kwenye msingi, fundi ajue mapema, kwa sababu mchwa hawaondoki kwa kusawazishwa juu. Kikiwa kimehamwa, mara nyingi kina mpangaji mwingine: nguchiro au nyoka. Kenge naye hupenda kutaga kwenye vichuguu, hasa vilivyo hai.

Nirudi kwa wanyama, niseme zaidi juu ya kinyonga, kwa sababu anachukiwa bure na ndiye anayepotea kimyakimya. Kinyonga wetu wa kawaida hukaa mtini maisha yake karibu yote. Jike likitaka kutaga linashuka, linachimba shimo kwa miguu kwa saa nyingi, linaweka mayai 20, 40, pengine zaidi, linafukia, linasawazisha udongo na majani hadi usione alama yoyote, kisha linapanda tena. Mayai yale yanakaa ardhini miezi mingi, hadi msimu wa mvua mwingine. Kwa hiyo unaweza kumbeba mama yake kwa kijiti ukampeleka kwa jirani, ukaridhika umeokoa, huku kizazi chake chote kimo kwenye udongo ambao katapila litaugeuza Jumatatu. Dawa yake ni moja: ukimwona jike ardhini, usimguse, mpe siku yake, halafu chomeka kijiti hapo na uandike mraba. Mita moja ya ardhi isiyoguswa hadi mvua za msimu unaofuata zipite inatosha.

Pitia kiwanja kwa saa tofauti. Alfajiri ni ya ndege. Dudumizi utamsikia kabla ya kumwona, ile sauti nzito inayoshuka, na yeye anataka kichaka kizito, ukifyeka chote hana pengine. Jioni, kama kuna mbuyu na umechanua, kaa chini yake. Maua yake hufunguka jua likizama na popo ndio wanaoyachavusha. Usiku ingia na tochi na viatu vya kufunika miguu, mkiwa wawili. Macho ya komba yatarudisha mwanga. Sauti za vyura zirekodi kwa simu, kila aina ina mlio wake. Hesabu na kunguru weusi wenye shingo ya kijivu. Hao si wetu, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi, wanakula mayai na vifaranga vya ndege wengine, na wanafuata taka. Eneo la ujenzi lenye mabaki ya chakula cha mafundi ni karamu yao.

Si kila kilichoandikwa ni cha kubaki. Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki, inasonga kila kitu. Ing'oeni, ila kagueni viota kwanza. Mkorosho nao ulikuja kwa Wareno kutoka Brazili, na mimi sitamshauri mtu aukate. Unatoa kivuli na korosho, na komba wanaupenda. Mbungo ndio unaonihuzunisha. Ni mmea unaotambaa juu ya miti, kijana wa panga anauona kamba tu na kuukata, halafu watu hao hao wanakwenda sokoni kununua juisi ya mabungo.

Sheria nitaigusa kwa ufupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi mikubwa, na inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito. Wenye viwanja upande wa bondeni, hilo ni lenu. Mikoko msiiguse. Mkikuta mvule au mpingo, nendeni kwa ofisa misitu wa wilaya kabla ya panga.

Orodha ikikamilika, ipeleke kwa mchora ramani. Mwambie mti huu unabaki, bonde hili halijengwi, nyumba isogee mita tatu. Mita tatu kwenye karatasi hazina gharama yoyote. Mti unaobaki uzungushie uzio wa miti na kamba kwa upana wa kivuli chake, kwa sababu kinachoua miti ya viwanjani ni lori la mchanga kupita juu ya mizizi na maji ya saruji kumwagwa shinani, kuliko panga. Msichome moto. Fyekeni kwa mikono, kidogo kidogo, mkianzia upande wa nyumba za watu na kuelekea upande wenye pori, siku mbili au tatu, ili waliomo wapate pa kutokea.

Mama mmoja ameandika swali kuhusu nyoka, na ana haki ya kuogopa, ana watoto. Koboko na swila wapo ukanda huu, na moma anayelala njiani ndiye wa kumwangalia zaidi usiku. Ndiyo sababu nasema kufyeka kwa mwelekeo mmoja: nyoka wengi hukimbia, hawang'ang'anii mahali penye kelele, isipokuwa moma, ambaye mara nyingi hutulia alipo. Kinachowarudisha nyoka ni rundo la matofali na mbao lililokaa miezi, lenye panya ndani. Matofali yapangwe mbali na mlango, mabaki ya chakula yaondolewe kila jioni, na bundi akitaka kukaa kwenye mnazi wako, mwache awinde panya hao.

Ndugu pale nyuma anasema chake kimeshasafishwa tangu mwezi wa saba. Anza na mipaka, pale katapila lisipofika, na kiwanja cha jirani. Mvua za vuli zikianza, usipalilie wiki sita za mwanzo. Mbegu na mizizi iliyobaki udongoni itachipua, nawe uandike kinachotoka na mraba wake. Mmea usiojulikana kwa wazee, lete tawi lenye ua au tunda, lililokaushwa ndani ya gazeti chini ya kitu kizito. Jani peke yake mara nyingi halitoshi. Nitakayoshindwa nitayapeleka Chuo Kikuu, idara ya botania, na wakishindwa wao ipo herbaria ya taifa, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, kule Arusha. Andikeni kwenye gazeti tarehe, mraba, na rangi ya ua likiwa bichi, maana likikauka rangi inapotea.