Kamba ya Katani na Sumaku Iliyosokotwa

Hamjambo nyote. Wa nyuma mnanisikia? Feni hiyo iacheni, Kisumu mchana bila feni hatutamaliza.

Kamba hii ya katani nimeinunua asubuhi sokoni Kibuye. Tazameni nyuzi zake, zinapanda kulia. Naigeuza juu chini: bado kulia. Dada, ishike, igeuze utakavyo. Haikubali, sivyo? Ila ndani ya kioo hiki changu cha kunyolea zinapanda kushoto.

Zipo fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo atomu zake hujipanga kwa mpangilio unaojirudia, zilizosokotwa hivyo. Manganisi ikiungana na silikoni, atomu kwa atomu, fuwele yake haina kitovu cha ugeuzi. Ivushe kila atomu ng'ambo ya katikati, umbali uleule, na hutapata fuwele uliyoanza nayo. Utapata pacha wake wa kushoto.

Ikipozwa hadi nyuzijoto 244 hivi za Selsiasi chini ya sifuri, huwa sumaku. Katika chuma, visumaku vya atomu hutazama upande mmoja kama abiria wa matatu. Hapa msokoto humfanya kila mmoja ajipinde kidogo kumpita jirani. Wanafizikia Dzyaloshinskii na Moriya ndio walioeleza kani hiyo ya kupindisha, miaka ya kukaribia 1960. Penye kitovu cha ugeuzi katikati ya atomu mbili, kani hiyo ni sifuri kabisa.

Mwaka 2009 watafiti wa Munich waliipitishia fuwele hiyo nyutroni, chembe za kiini cha atomu, ndani ya uga wa sumaku. Wakakuta visumaku vimejipanga kuwa vizunguko, kila kimoja upana wa nanomita 18 hivi; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Huitwa skirmioni. Maelfu yangeenea kwenye upana wa unywele mmoja.

Na tukitaja nywele: mtoto mwenye kizunguko utosini, kinyozi achane atakavyo, kitasogea tu, hakitaisha. Hiyo ndiyo topolojia, hesabu ya maumbo yasiyofutika kwa kusogezwa au kupindwa. Skirmioni huhesabiwa moja, mbili, tatu; moja na nusu hakuna.

Elektroni ikikatiza hapo, kisumaku chake hufuata vya atomu, kikigeuka na kugeuka, nayo inatokea imesukumwa kando, kana kwamba kuna uga mwingine ambao hakuna aliyeuweka. Uga wa sumaku wa kawaida nao husukuma elektroni kando: mwanafizikia Edwin Hall alipima volteji hiyo ya pembeni kwenye jani la dhahabu mwaka 1879. Hii ya skirmioni huongezeka juu ya ile, na kwangu mimi ndiyo tamu zaidi.

Mzee anauliza kama sumaku hii ya skirmioni itaingia kwenye simu. Kwa baridi ile, mzee wangu, mfuko gani utaibeba? Lakini aloi, yaani michanganyiko ya metali, za kobalti, zinki na manganisi huwa na skirmioni hata kwenye joto la chumba hiki. Hizo ndizo ningependa vijana wetu wazishike.

Dada, kamba yangu nirudishie.