Kuja Ghana: anza na kadi ya njano, tiketi baadaye

Habari zenu jamani. Leo nimekaa hapa kwa sababu ya swali moja linalorudi kila siku kwenye komenti: "Dada, nikitaka kuja Ghana nijiandae vipi?" Mara ya kwanza nilijibu, mmoja akasema naringa kwa kuwa naishi Accra. Nilipoeleza ugumu, mwingine akasema nalalamika, nirudi nyumbani. Naomba mnisikilize tu, maana haya yamemkuta mdogo wangu wa tumbo moja.

Kwamba Ghana wanataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ndiyo hiyo kadi ya njano, mnajua. Kinachowaponza watu ni zile siku 10: cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Mdogo wangu alikata tiketi kwanza, akachanjwa zikiwa zimebaki siku 4. Uwanja wa ndege wakasoma tarehe, wakamrudisha. Kubadilisha tiketi kulikuwa na faini, na faini ile nililipa mimi, kwa hela niliyotenga ya kodi ya nyumba. Bado nikasikia ndugu wanasema, "Si yuko nje huyo, anazo." Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Halafu kabla hujaondoka pale dirishani unapopewa kadi baada ya sindano, soma kadi uilinganishe na pasipoti. Yangu waliruka tarakimu moja ya namba ya pasipoti, nikazungushwa mara 3 kupata kadi nyingine yenye muhuri. Na wale wanaouza kadi bila sindano, msiwape hela zenu, nawaombeni sana. Homa ya manjano haina dawa ya kuiponya. Hospitali wanausaidia mwili upambane, basi. Sindano ni moja, na tangu 2016 cheti hakiishi muda. Ukirudi Tanzania utaulizwa kadi hiyohiyo, kwa sababu unatoka nchi yenye ugonjwa. Mwenye miaka 60 na kuendelea, mjamzito au mwenye kinga dhaifu aongee na daktari kwanza, kwa sababu chanjo yenyewe ni virusi hai vilivyodhoofishwa.

Malaria siisemi, tumekua nayo.

Barabarani ndipo nilipokaribia kufa. Huku magari yanapita kulia, tangu Agosti 1974. Siku yangu ya pili nilikuwa Kaneshie, mtaa wa hapa Accra, nikaangalia kulia kama mama alivyonifundisha, nikakanyaga lami. Dada mmoja muuza maji, beseni kichwani, alinidaka mkono akanivuta nyuma. Trotro ikapita, hizo ndizo daladala zao, joto la injini nikalisikia mguuni. Maji ya beseni yalimwagika begani kwangu. Kwa hiyo ukija, angalia kushoto kwanza. Na usiku tembea na tochi, mitaro mingi iko wazi.

Kuhusu mkono wa kushoto, sisi tunajua hauli chakula. Huku hautoi hela, hauonyeshi njia, haupungii mtu. Soko la Makola nilishika mfuko kwa kulia, nikampa mama noti ya cedi kwa kushoto. Hakuipokea wala hakusema neno. Aliitazama tu ile noti mpaka nikaweka mfuko chini, nikabadilisha mkono. Ukikuta watu wamekaa pamoja, unawasalimia kuanzia wa kulia kwenda kushoto, hata kama unayemfahamu yuko mwisho kabisa.

Hela: maduka ya kubadilisha fedha niliyopita mimi hawakutaka shilingi yetu. Beba dola, noti safi. Mwenzangu labda alipata pa kubadilisha, siwezi kumbishia. Haya ni ya kwangu, kila mtu na safari yake.

Viza nitaiongelea siku nyingine, ina mambo yake. Mdogo wangu alifika wiki 2 baadaye. Alitoka pale kwa wanaosubiri abiria kadi ingali mkononi, hakutaka kuirudisha kwenye pochi mpaka tulipofika nyumbani.