Ng'ambo Ngapi? Mtafsiri na Mafaili Yake

ZUHURA: Assalamu alaykum, wasikilizaji wetu. Leo sina utangulizi mrefu. Makame unajua kilichonisibu wiki hii.

MAKAME: Waalaykumu salaam. Ulivyonipigia simu usiku ule, dada, nikajua kipindi kimeshapatikana.

ZUHURA: Wakili mmoja ananitaka mkataba wa duka kule Ng'ambo, si mbali na majumba ya Michenzani. Mpangaji anaongeza muda. Mkataba wa awali nimeutafsiri mimi, na wakili anataka vifungu vya sasa vifuate maneno ya zamani vilevile. Haki yake. Vifungu vikipishana, umeshawafungulia watu mlango wa mahakama.

MAKAME: Na faili lenyewe unalo.

ZUHURA: Ninalo, sifuti kazi. Ila wateja wanatuma mafaili yenye majina ya ajabu, tarakimu tupu, na miye narudisha kwa jina lilelile. Kwa hivyo jina halinifai, lazima nitafute kwa maneno yaliyomo ndani. Nikaandika "Ng'ambo" kwenye kitafutio kilichokuja na kompyuta. Zikaja barua, ikaja ripoti ya skuli, ikaja hotuba ya harusi. Mkataba hamna. Nikaandika "pangish". Hamna kitu kabisa. Nikafungua folda moja moja mpaka nikaukuta, na Ng'ambo imo mstari wa kwanza.

MAKAME: Ng'ambo ipi?

ZUHURA: Ipi vipi? Ukivuka Darajani.

MAKAME: Mjini ni moja. Kwenye kompyuta zipo Ng'ambo nne.

ZUHURA: Haya, zihesabu, wasikilizaji wazisikie.

MAKAME: Ritifaa ni kile kialama cha juu kinachokaa baada ya ng. Ya kwanza ina ritifaa iliyonyooka, ile unayoibonyeza kwenye kibodi. Namba yake ndani ya kompyuta ni 39. Ya pili ina ritifaa iliyopinda, ambayo Word anaiweka mwenyewe pale unapoandika. Hiyo ni 8217. Ya tatu ina kile kialama cha kuelemea, kwenye kitufe cha pembeni juu kushoto, namba 96. Na ya nne haina ritifaa, Ngambo tupu, utaikuta sana kwenye karatasi za Kiingereza za zamani. Jicho linaona mtaa mmoja. Mashine inaona maneno manne yasiyojuana.

ZUHURA: Na mkataba wangu ulikuwa wa 8217. Nimeutazama kwa karibu, nikaukuza mpaka herufi zikajaa kioo. Kijimkia kile kimepinda kweli. Na kidole changu kiliandika 39.

MAKAME: Basi ulikuwa unabisha hodi nyumba ya jirani.

ZUHURA: Lakini yakhe, hata yale maji yaliyotenganisha Ng'ambo na Mji Mkongwe yalishafukiwa zamani, ikabaki barabara. Leo kompyuta ndiyo inayoitenganisha upya!

MAKAME: Sisi Pemba tuna Ng'ombeni. Na tuna Ng'wachani. Wilaya moja ya Mkoani, majina mawili, yazidishe kwa nne.

ZUHURA: Ng'ombeni ipi?

MAKAME: Ya 39, dada. Ya kunyooka.

ZUHURA: Haya, tuje kwenye "pangish". Hili ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu hapo hamna ritifaa.

MAKAME: Hapo ni tabia ya vitafutio vingi vya kawaida. Vinasoma neno kuanzia mwanzo wake. Mwingereza haumii, kwa sababu neno lake hukua nyuma: rent, rented, renting. Andika rent, yote yanakuja. Letu linakua mbele. Amepangisha, iliyopangishwa, mpangishaji, atakayempangisha. Kiini kimo katikati, na kitafutio kinachoangalia mwanzo tu hakifiki huko.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema mtafsiri wa Kiswahili asichague programu kwa kusoma sifa zilizoandikwa na watu wa Kiingereza. Swali la kwanza liwe hilo: je, inaona katikati ya neno?

MAKAME: Na la pili, inafanyaje kazi. Ziko za aina mbili. Aina moja hujenga faharasa kwanza: inasoma mafaili yako yote, inaorodhesha kila neno na mahali lilipo, halafu ukiuliza inakujibu papo hapo. DocFetcher ni hiyo, na ni ya bure. dtSearch ni hiyo, ya kulipia, na ina nguvu sana, nyota unaiweka mbele ya neno au nyuma. Kwenye Linux kuna Recoll. Aina ya pili haina faharasa, ukiuliza ndipo inaanza kusoma mafaili. Agent Ransack ni hiyo. Inachukua muda, ila inatafuta herufi popote zilipo. Ukiandika pangish, inakuletea atakayempangisha.

ZUHURA: Na Everything? Watu wengi wanayo.

MAKAME: Everything ni ya majina ya mafaili. Kwa majina haina mpinzani, hujamaliza kuandika, jawabu liko mbele yako. Kwa yaliyomo ndani, itafute nyingine.

ZUHURA: Zamani nilikuwa na Google Desktop. Ilitoka 2004, nikaipenda, 2011 wakaifunga. Ndiyo maana siku hizi naangalia programu ina watu wanaoitunza au imeachwa.

MAKAME: Haya, sasa dawa ya Ng'ambo.

ZUHURA: Ng'ambo ipi?

MAKAME: Zote nne! Sikiliza. Agent Ransack ina namna ya kutafuta kwa ruwaza, yaani unaandika umbo la neno badala ya herufi zake kamili. OmegaT, programu ya watafsiri, nayo pia. Pale penye ritifaa unaweka nukta. Nukta maana yake "alama yoyote moja". Kwa hivyo unaandika ng, nukta, ambo. Inashika 39, inashika 8217, inashika 96. Ukitaka na Ngambo tupu, ongeza alama ya kuuliza baada ya nukta, yaani hiyo alama iwepo au isiwepo.

ZUHURA: Nimeijaribu jana. Mkataba ulikuja wa kwanza. Na zikaja kazi ambazo nilishazisahau kuwa ninazo, wallahi. Hati za viwanja, wasia, barua za ubani.

MAKAME: Ila miye sikubali tuishie kwenye nukta. Nukta ni plasta. Dawa ni kusafisha mafaili. Chukua ritifaa zote, zigeuze ziwe za aina moja, kazi zote za zamani. Halafu kila programu itaona, na huna haja ya kukumbuka ruwaza.

ZUHURA: Hasha. Mafaili ya zamani siyagusi.

MAKAME: Kigeuzwe kijimkia tu, dada.

ZUHURA: Makame, mkataba ule umetiwa saini na muhuri. Faili nililonalo ndilo nililokabidhi. Kesho mtu anakuja na nakala yake, mimi na yangu, tunaziweka pamoja kwenye programu ya kulinganisha, inatoa tofauti mia. Nitamwambia nini hakimu? Nilikuwa nasafisha?

MAKAME: Sisemi usafishe asili. Tengeneza nakala za kutafutia, folda mbali. Asili inabaki ilivyo.

ZUHURA: Na siku una haraka, mteja yuko kwenye simu, utafungua ipi? Utafungua ile uliyoikuta kwenye utafutaji, yaani nakala. Utaikata, utaibandika, utaituma. Nakala mbili za hati moja ni mtego.

MAKAME: Na nukta yako nayo ni mtego. Wewe unaijua leo. Mimi nina vijana wawili wananisaidia. Nitawafundisha ruwaza kabla hawajajua kupanga folda? Wataandika Ng'ambo kama kila mtu, hawatapata, wataniambia hatujawahi kuifanya kazi hiyo. Kazi itatafsiriwa upya, vifungu vitapishana. Hapo ndipo hakimu atakapokuja, si kwa kijimkia.

ZUHURA: Wafundishe. Ni nukta moja.

MAKAME: Leo ng, kesho ni ruwaza nyingine. Mafaili lazima yawe na utaratibu.

ZUHURA: Programu ndiyo ilipwe kuyafuata mafaili, si mafaili kuifuata programu. Nilichokabidhi ni amana.

MAKAME: Amana isiyoonekana ni sawa na haipo.

ZUHURA: Mimi nimeiona.

MAKAME: Baada ya kufungua folda moja moja usiku kucha!

ZUHURA: Basi, hapa hatuelewani, na wasikilizaji wametusikia. Mimi siyagusi.

MAKAME: Na mimi nasafisha. Ijumaa naanza.

ZUHURA: Lakini kumbukumbu za tafsiri je? Zile TMX zako utazigeuza nazo?

MAKAME: Hizo hasa. TMX ni maandishi matupu, DocFetcher unaiambia tu iyahesabu mafaili ya TMX kuwa matini. Ila nyingine za zamani zimehifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-16, yaani namna nyingine ya kuandika herufi kwa namba ndani ya faili, na programu isiyoijua inaona takataka.

ZUHURA: Dakika zetu zinakwisha na karatasi yangu hapa ina mambo ambayo hatujayagusa. PDF zilizoskaniwa, ambazo ndani hamna herufi, ni picha tupu. Kuhifadhi faharasa ya siri za wateja. Nilitaka pia tuifungue DocFetcher hatua kwa hatua.

MAKAME: Hatufiki. Ng'ambo imekula kipindi.

ZUHURA: Ng'ambo ipi?

MAKAME: Ah, dada! Wasikilizaji, mwenye swali atuandikie, na tafadhali atuambie kama anasafisha au hasafishi.

ZUHURA: Asisafishe.

MAKAME: Asafishe. PDF tutazizungumza wiki ijayo, inshallah.

ZUHURA: Inshallah. Na hiyo Ijumaa kabla hujaanza, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, nakuomba kama mdogo wangu.

MAKAME: Hilo sikatai.