Kukagua Chemchemi na Kuirejesha Bila Kuwafukuza Wenyeji Wake

Karibu. Tupo Usambara Mashariki, upande wa Amani. Vijito vya huku vinashuka kuingia Mto Sigi, na Sigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowapa maji watu wa Tanga. Leo tunakagua chemchemi kwanza, jembe baadaye.

Anza na wazee wa kitongoji. Waulize zamani maji yalikuwa yakitokea wapi hasa. Usishangae wakikuonyesha jicho la chemchemi, yaani pale maji yanapotokea, lililofukiwa huko juu, katikati ya migomba.

Halafu pima. Fanya hivyo mwishoni mwa kiangazi, Februari, kabla ya masika, ili upime maji ya ardhini na si ya mvua ya jana. Kinga ndoo ya lita 20, washa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde. Andika pamoja na tarehe.

Sasa viumbe. Inua jiwe taratibu, hivi. Unamwona? Kaa mdogo wa rangi ya udongo, na pembeni yake buu la kereng'ende limejibana. Hao ni dalili njema. Ukikuta vijiminyoo vyekundu tu kwenye tope jeusi linalonuka, kuna uchafu unaingia. Jiwe lirudishe lilivyokuwa. Usiku rudi na tochi, usikilize vyura.

Na tafadhali, usifagie majani makavu! Huku kuna vyura wa jenasi ya Nectophrynoides ambao hawatagi mayai. Wanazaa vichura vilivyokamilika. Hawahitaji dimbwi, wanahitaji majani yenye unyevu.

Tukija kwenye kurejesha, pima mita 60 kutoka kwenye maji. Sheria inakataza shughuli za kudumu humo. Mstari ukiangukia shambani kwa mtu, kaa naye pamoja na serikali ya kijiji kabla ya kuweka bikoni, yaani alama za mpaka, maana bikoni zisizozungumzwa hung'olewa usiku. Mikaratusi ikate kwa awamu, visiki viache vishike udongo, machipukizi yavunje kila yanapotokea. Masika yakianza, chomeka matawi ya mkuyu, yanashika vizuri.

Kwenye saruji ndipo miradi mingi inapoharibu. Jicho lote linajengewa, bomba linabeba kila tone, na kijito kinakufa chini ya mradi unaoitwa wa kuhifadhi. Jenga tangi dogo lenye matundu mawili, moja la bomba la kijiji, jingine la kijito. Yakae usawa mmoja, ili maji yakipungua yapungue kwa wote.

Ng'ombe nao wana kiu. Wajengee birika nje ya zile mita 60, na kwenye bomba lake funga koki yenye boya, inayojifunga birika likijaa, la sivyo maji yatamwagika usiku kucha.