Usimuulize mzee mwaka, muulize upepo

MAALIM: Assalamu alaykum wasikilizaji, tuko Lamu. Leo ni kunasa kwa sauti habari za wazee: walikotoka, safari zao, na kazi walizoufanyia mji. Dada, tuanze na kosa lililo kubwa.

DADA: Swali la "mwaka gani?" Mzee atatoa kitambulisho akusomee mwaka aliokadiria karani siku ya kuandikishwa. Wewe unaandika, umeridhika, na hujapata kitu.

MAALIM: Ama akutolee msahafu. Ziko nyumba ambazo uzazi umeandikwa mle kwa Hijria. Ukikuta 1356, zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622: yaja 1937. Ni makadirio, huweza kupishana mwaka mmoja. Na mzee anayejihesabia miaka 80 ya Kiislamu, kwa miladi ana 77 na nusu hivi. Hapo ndipo hesabu za familia zinapogombana.

DADA: Kwa hiyo mfunge kwenye jambo lililomkuta. Mafuriko ya 1961, Uhuru Desemba 1963, mapinduzi ya Unguja Januari 1964, kufa kwa Kenyatta Agosti 1978. "Ulikuwa umeshakhitimu Kurani chuoni? Ulikuwa umeolewa? Una mtoto mkononi?" Mama hasahau alikuwa na mtoto wa ngapi.

MAALIM: Kwa wahamaji, mimi nasema muulize upepo. Chukua Wabajuni waliotoka Kiunga, Ishakani na vijiji vya huko karibu na mpaka wa Somalia wakati wa vita vya shifta, 1963 hadi 1967, wakaja hapa, wengine wakashuka Malindi na Mombasa. Kaskazi humsukuma mtu kusini. Kusi humrudisha nyuma, na katikati ya mwaka bahari ya nje huchafuka. Basi mzee akisema walikuja kwa mashua ya tanga wakati wa kusi, usimkatize. Muulize, "Mulipita ndia gani?"

DADA: Huenda akakwambia walijificha nyuma ya visiwa, wakangojea maji yajae ndipo wapite Mkanda, ule mkondo mwembamba baina ya Manda na bara.

MAALIM: Umeona? Mkanda hupitika maji makuu. Sasa una njia, una msimu, una muda waliokaa wakingojea, na una sababu ya kuuliza walikula nini. Hayo yote mwaka usingekupa. Wa kutoka Kismayu 1991 nao waulize hivyo hivyo: chombo gani, wangapi ndani, nani alishika usukani, nauli ililipwa kwa nini.

DADA: Haya, watumishi wa umma. Hapa watu huishia kwenye cheo. "Alikuwa karani wa forodha." Sawa, sasa? Mwambie akupitishe siku nzima: alifungua mlango saa ngapi, aliandika kitabu gani, nani alitia sahihi, mshahara alipokelea wapi.

MAALIM: Na ujue mwajiri. Aliyekuwa posta au forodha mwishoni mwa miaka ya sitini huenda alilipwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyovunjika 1977, si na serikali ya Nairobi. Ukimuuliza "serikali ilikuhamisha vipi?" mtapishana.

DADA: Vipimo vilevile. Boriti zilihesabiwa kwa korija, na korija ni miti 20. Mzee akisema jahazi lilipakia korija mia tano, hiyo ni miti 10,000. Kijana anayenakili akiandika "boriti mia tano" ameshazamisha jahazi zima. Na mti wenyewe una majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Usiyafanye yote "mikoko".

MAALIM: Sauti, kwa ufupi. Kipaza sauti cha kubana, shubiri moja chini ya kidevu, kisiguse buibui wala kilemba, maana kitambaa husugua. Kilele cha sauti kisipite desibeli 12 chini ya sifuri kwenye kipimo cha mashine. Rekodi kwa faili la WAV, lisilobana sauti, kilohezi 48, biti 24. Kwa stirio saa nzima ni gigabaiti moja hivi, hivyo tazama nafasi kabla hujabisha hodi.

DADA: Zima pangaboi, na simu itolewe kwenye mtandao. Nyumba ya mawe hurudisha mwangwi: tandika mkeka, tundika kanga mbili ukutani. Kaa ndani, si barazani, kwa sababu ya punda na injini za boti. Saa tatu asubuhi mpaka kabla ya adhuhuri ndiyo bora, na dakika 90 zatosha. Adhana ikilia, nyamazeni.

MAALIM: Mzee akionyesha kwa mkono, "kutoka hapa mpaka pale," wewe sema kwa sauti: "mpaka ule mlango, hatua kama sita." Mashine haina mato, haioni.

DADA: Na mjukuu anayemjibia babu mtume dukani. Kwa heshima, lakini mtume.

MAALIM: Idhini je?

DADA: Ziara ya kwanza nenda bila mashine. Ya pili, uliza mambo matatu tofauti: wote wasikie, familia tu, au baada ya kufa kwake. Jibu lake linaswe kwa sauti na liandikwe. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahusika, lakini hata isingekuwapo: habari za utumwa, mipaka ya mashamba, majina ya waliotuhumiwa wakati wa shifta, hizo huweza kuwasha moto baina ya nyumba mbili leo hii. Mama azungumze na mwanamke mwenzake, utashangaa yanavyofunguka.

MAALIM: Kunakili?

DADA: Saa moja ya sauti hukula siku ya kazi. Akisema "yana" andika "yana", usimgeuze akasema "jana". Maana ya neno gumu iweke pembeni. Kila sehemu usiyosikia, tia dakika na sekunde, umrudie mwenyewe angali hai.

MAALIM: Na nakala?

DADA: Tatu, na moja iwe nje ya kisiwa. Moja apewe mwenye habari, kwenye kitu anachoweza kukichezesha. Ukimpa mzee wa Matondoni diski asiyo na pa kuitia, hujampa.