Mtoto Mchanga Akisakamwa Kooni: Jiandae Kabla Hayajatokea

Karibu. Leo nina mwanasesere mapajani, na nakuomba nawe utafute wako kabla hatujaendelea, maana somo hili mikono ndiyo inayolishika. Nazungumza na wewe unayebaki na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, uwe mama, baba, bibi au yaya.

Kwanza, karatasi ukutani. Andika namba ya dharura, namba za wazazi, hospitali iliyo karibu, na jinsi ya kumwelekeza mtu hadi mlangoni kwako. Ukishikwa na hofu, hata njia ya kwenu huisahau. Ongeza uzito wa mtoto na uubadilishe kila anapopimwa, kwa sababu dozi nyingi za watoto hukadiriwa kwa kilo. Usitegemee simu peke yake: huzima chaji.

Pili, mfuko karibu na mlango: kadi ya kliniki, nepi, nguo za akiba na kipimajoto. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifikisha nyuzi joto 38, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ananyonya vizuri.

Sasa tufike kwenye kusakamwa, na hapa twende polepole.

Mtazame kwanza. Akikohoa kwa nguvu au akilia, hewa inapita. Mwache akohoe, usimwondokee. Cha kuogopa ni ukimya. Wengi wetu tunangoja kelele, na mtoto aliyezibwa njia ya hewa hana sauti: kinywa wazi, kikohozi kimekufa, midomo inabadilika rangi. Hapo anza, na aliye nawe apige simu. Kama uko peke yako, washa spika huku ukiendelea.

Tazama mkono wangu. Namlaza kifudifudi juu ya mkono, mkono umeegemea paja, kichwa kiko chini kuliko kifua. Vidole vinashika taya, si koo. Kwa kitako cha kiganja napiga mara 5 katikati ya mabega. Piga kweli, ukipapasa, kitu hakitoki.

Hakijatoka? Mgeuze chali, kichwa kibaki chini. Bonyeza kidari, chini kidogo ya usawa wa chuchu, mara 5, kwa haraka. Kisha rudi mgongoni. Endelea kubadilisha hivyo mpaka kitoke, alie, au alegee.

Kuna mambo mawili nakusihi usiyafanye. Usimbonyeze tumbo, kwani katika umri huu ini huumia kirahisi. Wala usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Ukikiona, kitoe.

Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze mahali pagumu, hakikisha msaada umeshaitwa, kisha bonyeza kifua mara 30, kina cha sentimita 4 hivi, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Chungulia kinywani, kisha mpulizie pumzi 2 ndogo, kinywa chako kikifunika kinywa na pua yake. Rudia hadi msaada ufike.

Hata kitu kikitoka na mtoto akatabasamu, mpeleke akapimwe. Na ukipata mafunzo ya huduma ya kwanza ya ana kwa ana, nenda. Yanaizidi video hii kwa mbali.

Haya, rudisha video pale nilipomlaza kifudifudi. Fanya pamoja nami, kisha mpe mwanasesere yule unayelea naye mtoto, afanye wewe ukimtazama.