Picha Isiyo na Meli: Mhadhara wa Ufunguzi wa Maonesho ya Uchoraji, Mwanza

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, mwadila.

Mchana nilipofika hapa, kijana anayelinda mlango aliniuliza, "Mwalimu, hii ni picha ya nini?" Alikuwa mbele ya ile kubwa ya kushoto, buluu iliyokaribia weusi, yenye vidoa vya njano juu. Nikamwuliza yeye anaona nini. Akafikiri, akasema anaona taa za wavuvi wa dagaa, usiku usio na mwezi. Amekulia Kirumba, hapa Mwanza kando ya ziwa.

Baadaye akaingia mama mmoja, mtu mzima, akasimama palepale. Taa hakuziona. Alisema, "Hii ni Mei ya tisini na sita," akanyamaza. Kwa wageni wetu: meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Igoma, hapa Mwanza.

Nikamwendea mchoraji. Akaniambia hakuchora ziwa wala meli. Alikuwa amefiwa na kaka yake. Alitandaza kanvasi sakafuni, akamwaga rangi bila kuanza na penseli, akaikwangua kwa kisu, akaisugua kwa kiganja hadi alipochoka. Sogeeni karibu, mtaona vidole vyake vimekaukia pale kwenye kona ya chini.

Basi nani yuko sahihi? Mimi nasema wote watatu, na sisemi hivyo ili kuwaridhisha. Huzuni ya mtu mmoja imeingia kwenye rangi ikiwa haina jina, ndiyo maana mwingine ameweza kuweka yake ndani yake. Angechora meli, yule kijana asingepata mahali pa kusimama.

Wapo wanaoniambia haya ni mambo ya Ulaya. Ni kweli, mchoraji Mrusi Wassily Kandinsky alitetea zaidi ya karne moja iliyopita kwamba rangi peke yake hugusa moyo kama muziki. Lakini hapa Usukumani bayeye, wale wacheza na nyoka, walikuwa na michoro kwenye kuta za nyumba za chama chao, na mtafiti Hans Cory akaichapisha kitabuni mwaka 1953. Wao walikuwa na maumbo yao na mafunzo yao, hawakumwaga rangi kama mwenzetu, kwa hiyo sidai kwamba ni kitu kimoja. Ninachodai ni kwamba ukuta unaobeba jambo zito kuliko kile jicho linachokiona si mgeni kwetu.

Jambo moja linaniuma likisemwa: kwamba picha za namna hii hata mtoto anaweza. Mchoraji amenionesha madaftari yake. Jiwe la Bismarck, lile linalosimama majini hapa Mwanza, limo humo mara nyingi mno, likiwa la kijivu asubuhi, likiwa jeusi baada ya mvua, likiwa halionekani kabisa kwa ukungu. Miaka amekaa ufukweni akilitazama. Msiba ulipokuja, mkono ulikuwa tayari unajua uzito wa jiwe na rangi ya maji ya jioni, ukaenda bila kumsubiri.

Nitasema pia nisilolipenda, na nimemwambia mwenyewe. Ile nyekundu karibu na mlango, yenye macho yanayotoa machozi, imetuambia tulie. Ya buluu haikutuambia kitu, na watu wamelia.

Mtaona hakuna jina chini ya picha yoyote. Niliomba aweke hata namba, akakataa, na sasa namwelewa.

Yule mama amerudi jioni hii, amekaa pale karibu na dirisha na mjukuu wake. Kuna mtu ameshauliza bei ya ile ya buluu. Mchoraji amejibu kwamba atazungumza bei siku mama atakapomaliza kuitazama.